FARASI WA MIZIGO: MFUGAJI ANATAKA NINI?

Wahenga walinena kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Walinena kweli. Lakini nyoka huzaa nyoka bila kushauriwa na mtu, ilhali mnyama wa kufugwa huzaliwa vile mwenye kumfuga alivyotaka, au vile alivyozembea. Jambo hilo ndilo nataka tulizungumze leo, mpenzi msomaji, na mfano wangu ni farasi wakubwa wa Ulaya, wale wa kukokota mizigo mizito.

Najua utaniuliza, "Farasi tena? Wewe wa hapa hapa Gilgil umewaona wapi?" Ukweli ni kwamba sijawaona ila katika vitabu na picha. Lakini kwetu nyumbani tunaye punda anayevuta mkokoteni wa maji, na maji hayo ndiyo yanayonilipia karo. Mwaka huu swali ambalo wafugaji wa farasi wameulizana kwa miaka zaidi ya mia mbili lilibisha hodi mlangoni mwetu. Swali lenyewe ni hili: mnyama wa kazi huchaguliwa kwa kigezo gani?

Katika somo la Kilimo, sisi wa kidato cha tatu tumefundishwa uteuzi, yaani kuchagua dume na jike watakaozaa kizazi kijacho. Mwalimu alituandikia ubaoni habari za ng'ombe wa maziwa, kuku wa mayai na nguruwe wa nyama. Nikanyosha mkono nikauliza, "Mwalimu, na mnyama wa kukokota je? Yeye hatoi maziwa wala mayai." Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliniambia hilo ni swali zuri na kwamba nikalitafutie jibu mwenyewe. Basi nililitafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Farasi wa mizigo si wa aina moja. Uingereza wako Shire na Suffolk, na Uskoti wako Clydesdale. Ufaransa ina aina tisa, na inayojulikana zaidi ni Percheron. Ubelgiji ina Brabant. Shire dume aliyekomaa huwa na kimo cha sentimita 173 au zaidi begani, na uzito wake huweza kufika kilo 1,000. Punda wetu hafiki hata kilo 200! Yaani Shire mmoja ukimweka kwenye mizani, itakubidi uweke punda watano au zaidi upande wa pili.

Lakini kwa nini mtu atake mnyama mzito hivyo? Jibu liko katika namna farasi anavyokokota. Hakokoti kwa nguvu za miguu peke yake. Huinama mbele na kuusukuma mwili wake wote dhidi ya kola iliyo shingoni na mabegani. Uzito wake humsaidia kushika ardhi na kuuanzisha mzigo. Ndiyo maana wenye magari ya mizigo katika miji kama London na Liverpool, enzi za kabla ya malori, waliwataka farasi wazito mno. Mzigo ukishaanza kutembea kazi hupungua, shida ni ile hatua ya kwanza.

Hata hivyo, si kila mfugaji alitaka uzito tu. Suffolk alikuzwa mashariki mwa Uingereza, mahali penye udongo mzito wa mfinyanzi. Wakulima wa huko walitaka farasi mwenye mwili mnene na miguu mifupi isiyo na manyoya marefu, kwa sababu tope lingeganda kwenye manyoya na kumletea maradhi ya ngozi. Tena walitaka farasi awezaye kulima saa nyingi bila kusimama kula. Suffolk wote wa leo, kwa upande wa madume, nasaba yao huishia kwa dume mmoja aliyezaliwa mwaka 1768. Wote ni wa rangi moja, hudhurungi yenye wekundu.

Waskoti nao walitazama chini kwanza. Clydesdale wengi walifanya kazi katika barabara za mawe za Glasgow, wakivuta makaa ya mawe na bidhaa nyingine. Kwa hiyo mfugaji wa Kiskoti aliinua kwato kabla ya kutazama kichwa. Alitaka kwato pana, ya mviringo na iliyo imara. Alitaka mwendo mrefu na miguu ya nyuma inayopita karibu karibu, isiyotawanyika. Kwake yeye, farasi asiye na kwato nzuri hakuwa farasi, hata kama kifua chake ni kipana kama mlango.

Ukizilinganisha aina hizi, utaona kuwa wafugaji wale walikubaliana katika mambo kadhaa. Walitaka kifua kipana chenye nafasi ya mapafu, mgongo mfupi wenye nguvu, matako yenye misuli, mifupa minene, na mwendo ulionyooka. Juu ya yote walitaka tabia ya upole. Hebu fikiria kilo 1,000 zikikasirika! Mnyama wa ukubwa huo hawezi kuendeshwa kwa kiboko. Huendeshwa kwa sababu amekubali. Mkali hata awe mzuri namna gani hafai kuzalishwa, maana atawapa watoto wake ukali pamoja na uzuri.

Sasa walifanyaje hadi wakapata walichotaka? Kwanza, waliandika. Chama cha wafugaji wa Clydesdale kilianzishwa mwaka 1877. Kile cha Shire kilianzishwa mwaka 1878 kikiitwa chama cha farasi wa mikokoteni wa Kiingereza, kikabadilishwa jina mwaka 1884. Vyama hivi viliweka madaftari ya nasaba, na kila farasi akaandikwa baba yake na mama yake.

Pili, waligawana madume bora. Kulikuwa na mkulima mmoja, Robert Bakewell wa Leicestershire, aliyeishi kati ya mwaka 1725 na 1795. Yeye anajulikana zaidi kwa kondoo, lakini alizalisha pia farasi weusi wa mikokoteni. Badala ya kuwauza madume wake, aliwakodisha. Baadaye ikawa desturi dume bora kutembezwa na mtunzaji wake kutoka shamba hadi shamba kwa ratiba maalumu, ili hata mkulima mwenye jike mmoja apate huduma. Tunasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kumbe kwa farasi chema ndicho kilichotembezwa!

Tatu, walikagua. Mwaka 1918 Uingereza ilitunga sheria kwamba dume anayetembezwa awe na leseni. Lengo lilikuwa kuwazuia madume wenye kasoro za kurithiwa wasieneze kasoro hizo nchi nzima.

Mpaka hapo unaweza kudhani kuwa mambo yalikuwa shwari. La hasha! Jicho la mfugaji likiacha kazi na kuanza kutazama kitu kingine, mnyama naye hufuata jicho hilo. Mathalani, Shire ana manyoya marefu kuanzia magotini hadi kwenye kwato. Ni mapambo ya kupendeza kwelikweli. Katika maonyesho ya kilimo ya karne ya 19, manyoya mengi yalisifiwa. Lakini manyoya hushika tope na maji, na utitiri hupenda kuishi humo. Wamarekani wengi walipoagiza farasi kutoka Ulaya waliwapendelea Percheron na wale wa Ubelgiji, ambao miguu yao ni rahisi zaidi kuisafisha. Hapa mnunuzi ndiye aliyechagua mguu.

Fauka ya hayo, kuna ugonjwa unaowapata Shire, Clydesdale na farasi wa Ubelgiji. Majimaji ya mwili hukusanyika katika miguu, ikavimba na ngozi kukunjamana, na hali huendelea kuwa mbaya mwaka hadi mwaka. Mpaka sasa hauna dawa ya kuuponya kabisa, ila hutunzwa tu. Farasi wenyewe huzaliwa na hatari hiyo. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba mtu akichagua sifa moja, sifa nyingine huingia pamoja nayo kimyakimya, kama mgeni aliyekuja na mgeni wako.

Tena kuna tamaa ya ukubwa. Mwaka 1846 huko Bedfordshire alizaliwa Shire aliyeitwa Sampson, na baadaye wakamwita Mammoth. Alifika kimo cha sentimita 219 na uzito wa kilo zaidi ya 1,500, na hadi leo ndiye hutajwa kuwa farasi mkubwa kuliko wote waliopata kupimwa. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilishangaa sana. Halafu nikajiuliza, alikula kiasi gani? Mlango wa zizi lake ulikuwa wa kimo gani? Na je, alilima kuliko farasi wawili wa kawaida? Ukubwa una mwisho wa faida yake, kisha unakuwa sifa tu ya mwenyewe kujivunia sokoni.

Kisha likaja trekta. Kazi ikaondoka, na farasi wakabaki bila sababu. Mwaka 1966 Suffolk waliosajiliwa kuzaliwa walikuwa tisa tu. Tisa, msomaji! Darasa letu lina wanafunzi mara tano ya idadi hiyo. Huko Ufaransa na Ubelgiji wafugaji wengi waliokolewa na bucha. Farasi wa mizigo akaanza kuzalishwa kwa ajili ya nyama, na lengo likageuka. Haikutakikana tena mwendo wala kwato. Ilitakikana minofu. Farasi wakawa wazito zaidi, wanene zaidi na wazito wa kutembea. Wakati huo huo, ndugu zao waliopelekwa Marekani walibaki kazini, hasa kwa wakulima wa Amish ambao mpaka leo hulima kwa wanyama. Huko wakachaguliwa wawe warefu na wepesi zaidi. Ukoo mmoja, nchi mbili, malengo mawili, na sasa ukiwaweka kando kwa kando unaweza kudhani si ndugu.

Siwalaumu waliofuga kwa nyama. Bila bucha huenda baadhi ya aina hizo zisingekuwapo leo. Siku hizi farasi hao wameanza kupata kazi tena. Wanavuta magogo msituni mahali ambapo mashine ingeharibu miche, na wanalima katika mashamba ya mizabibu ya Ufaransa kwa kuwa hawagandamizi udongo kama trekta. Lakini sasa mfugaji anayetaka farasi wa kazi humkuta yule wa nyama akiwa mnene mno, naye hulazimika kurudi nyuma kutafuta miguu na mwendo uliotupwa.

Hadithi iliyonigusa kuliko zote ni ya jimbo la Poitou, magharibi mwa Ufaransa. Huko kulikuwa na farasi wa mizigo ambaye hakuzalishwa ili akokote. Alizalishwa ili awe mama wa nyumbu, na hapa nasema nyumbu mtoto wa punda na farasi, si yule wa Maasai Mara. Wafugaji walitaka jike mwenye mifupa mikubwa na kwato pana. Jike huyo alipandwa na punda dume wa huko, punda mkubwa mwenye manyoya marefu yaliyosokotana. Nyumbu waliozaliwa walikuwa na nguvu na uvumilivu, wakauzwa nchi nyingi.

Shida ni kwamba nyumbu hazai. Kila mwaka jike bora alipomzaa nyumbu, mwaka huo hakumzaa farasi wa kumrithi. Mali ilikuwa nyumbu, kwa hiyo majike wengi na bora walipelekwa kwa punda. Aina yenyewe ya farasi ikawa inaliwa na mafanikio yake. Biashara ya nyumbu ilipokufa, farasi wakawa wachache mno, na mwaka 1977 walipohesabiwa punda wa Poitou walipatikana 44 tu. Tangu hapo watu wamefanya bidii kuwaongeza, lakini walianza wakiwa ukingoni mwa shimo.

Sasa turudi kwetu Kenya. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu kama milioni 1.2. Katikati ya sensa hizo, kuanzia mwaka 2016, yalifunguliwa machinjio ya punda, na ngozi zilisafirishwa kwenda China kutengenezewa dawa. Wizi ukazidi. Nyumbani kwetu dume wetu aliibwa usiku mmoja mwaka 2018, na asubuhi tukakuta kamba tu. Mwezi wa Februari mwaka 2020 waziri alitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo, mambo yakaenda mahakamani, na mwezi wa Februari mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara lote.

Tulibaki na jike mmoja, Malkia. Sasa umri umemwendea. Bei ya punda imepanda, na mtu akifungua mdomo kutaja bei unabaki kushika kichwa. Baba aliamua tumzalishe Malkia. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Baba mdogo alimtaka dume mmoja mkubwa wa ng'ambo ya reli. Kwa kweli ni punda wa kuvutia, mrefu, ngozi inang'aa. "Huyo ndiye dume," akasema. "Mtoto atakuwa mkubwa, atabeba mitungi mingi."

Baba akauliza, "Amefanya kazi gani huyo?"

"Kazi ya nini? Si unaona mwili?"

"Mwili naona. Nauliza kazi."

Ukweli ni kwamba punda yule hakuwa amevuta hata kibuyu. Huzurura tu, na huuma watoto. Mimi nilikuwa nimeketi na daftari langu. Nikasema, "Baba, samahani. Tukamtazame kwato zake kwanza."

Baba mdogo akacheka. "Na wewe, mwalimu wa punda!"

Lakini tulikwenda. Kwato zake zilikuwa nyembamba, na ya mbele kushoto imepinda kuingia ndani. Kwenye barabara yetu ya mawe, kwato kama hiyo haifiki mbali. Na si jeraha alilopata, maana watoto wake wawili tuliowaona karibu na kisima walikuwa vivyo hivyo.

Nikakumbuka dume mwingine, wa kijivu, wa mzee mmoja anayeuza maji kama sisi. Si mkubwa. Ila hutoka kisimani na mitungi kumi na miwili ya lita 20, hupanda kile kilima bila kupigwa, na mtoto wa darasa la tatu humwongoza. Tukaenda kwa mzee huyo. Baba akamsalimu, wakaulizana hali za jamaa, kisha akaeleza shida yake.

Mzee akasema, "Mmekuja kwa bahati. Wiki ijayo huyu anahasiwa. Ameanza kusumbua akiona majike."

Maneno hayo yalinichoma. Huko Ulaya dume bora alitembezwa mashambani ili azae. Kwetu dume bora huhasiwa ili afanye kazi kwa utulivu, na yule asiyefaa kwa kazi huachwa azurure, naye ndiye baba wa punda wote wa kijiji. Ng'ombe wetu tunawalipia mbegu nzuri kutoka Kabete, jogoo tunamchagua, hata mbwa tunauliza mama yake ni nani. Punda peke yake ndiye tunayemwachia bahati. Halafu tunalalamika kuwa punda wa siku hizi ni wadogo na wavivu! Sisi pia tunafanya kama wale wa Poitou, tunatumia kilicho bora hadi tunakosa mbegu yake.

Baba alimwomba mzee asubiri mwezi mmoja, akaahidi debe la mahindi. Mzee akafikiri, akasema, "Basi. Lakini mwezi ukiisha, mimi nahasi." Sikuweza kumlaumu. Naye anahitaji maji yafike, na kazi ya leo haiwezi kungoja punda wa kesho. Jambo hilo halina jibu rahisi, na hata wale Wazungu walihitaji vyama, madaftari na sheria ili kulitatua. Mtu mmoja peke yake na punda mmoja hawezi. Kama watu kumi wenye mikokoteni hapa kwetu wangekubaliana kumwacha dume mmoja mzuri bila kuhasiwa, wakamlisha kwa zamu na kulipa kidogo kwa kila jike, pasingekuwa na haja ya kumtegemea mzururaji wa ng'ambo ya reli.

Malkia sasa ana mimba. Punda hubeba kama mwaka mzima, kwa hiyo mtoto atazaliwa nikiwa kidato cha nne. Hakuna ajuaye atakuwaje. Anaweza kurithi kwato za baba na uchovu wa mama, maana uteuzi hupunguza bahati mbaya, hauiondoi. Mtoto mmoja pia hawezi kuthibitisha jambo, na mwalimu ametufundisha kumpima dume kwa watoto wake wengi.

Wenzangu, wengi wetu tutafuga, hata wale wanaosema watakuwa marubani. Siku utakapokwenda kumchagua dume, jogoo au fahali, usianze kwa kuuliza, "Yupi ni mkubwa?" Uliza, "Atafanya kazi gani, na wapi?" Kisha mwinue mguu umtazame kwato.

Baba mdogo bado ananiita mwalimu wa punda. Lakini juzi nilimkuta kisimani ameinama, ameshika mguu wa punda wa mtu, anautazama kwa makini.